Zahanati waliniandikia 120/80, duka la dawa wakasoma 152/98

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, nina mimba ya kwanza, wiki ya 31 kwa hesabu ya kadi. Naishi kijijini, mkoa wa Morogoro, na mume wangu ambaye ni dereva wa bodaboda, pamoja na mama mkwe. Kliniki nilianza mimba ikiwa na miezi mitano, kwenye zahanati ya hapa hapa kijijini.

Tatizo langu ni hili. Wiki iliyopita nilianza kuumwa kichwa, kinagonga hapa mbele, nikimeza panado kinatulia kidogo kisha kinarudi. Miguu imevimba hata kandambili hazinienei, na juzi pete imegoma kutoka kidoleni. Nikaenda duka la dawa kununua panado nyingine. Yule dada wa dukani aliponitazama usoni akaniambia nikae kwanza anipime presha. Ikasoma 152/98. Akaniacha nipumzike, akapima tena, ikasoma 150/98. Akasema niende zahanati upesi.

Kesho yake nikaenda. Nesi akafungua kadi yangu, akaniambia presha yako ni nzuri, ona mwenyewe, mahudhurio yote ni 120/80. Nikamwambia dukani wamesoma kitu kingine. Akasema mashine za dukani ni za biashara, wanataka ununue dawa. Shangazi, nikwambie ukweli: sikumbuki kufungwa mkanda mkononi isipokuwa ile siku ya kwanza kabisa. Siku za kliniki tunapanga kadi mezani, tunaitwa mmoja mmoja, tunapimwa uzito na tumbo, tunapewa vidonge vya kuongeza damu, basi. Siku hiyo nayo hakunipima, alisema mashine haina betri. Lakini aliandika. Nikachungulia, nikaona 120/80. Mkojo nao haujapimwa tena tangu siku ya kwanza.

Mama mkwe anasema kuvimba ni kawaida ya mimba, yeye alivimba kwa watoto wake wote. Anataka niache chumvi na ninywe juisi ya rozela. Yeye mwenyewe ana presha, na jana amenipa vidonge vyake, vimeandikwa Captopril, nimeze asubuhi na jioni. Bado sijameza. Mume wangu yuko kimya, hataki kumkosea mama yake.

Kinachoninyima usingizi ni dada yangu mkubwa. Mimba yake ilipofika miezi minane alianguka, akatupa mikono na miguu, akatoa povu. Watu wakasema kapandwa na mashetani. Usiku kucha wakawa naye kwa mganga, asubuhi ndipo wakampeleka hospitali. Yeye alipona. Mtoto hakupona.

Nimwamini nani? Naogopa kurudi zahanati nikaonekana mjuaji, maana huyo nesi ndiye atakayenizalisha. Kituo cha afya kiko mbali na hela ya nauli ni ya kutafuta.

Binti wa Morogoro

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu yake. Nilikupigia siku ileile na niliyokwambia yalikuwa machache: vidonge vya mama mkwe usimeze hata kimoja, zahanati usirudi kubishana, mumeo apige 115, namba ya m-mama ya kuita gari la dharura la wajawazito, na leo hii ufike kituo cha afya. Jioni ukanitumia ujumbe kwamba kituoni wamesoma 158/104, mkojo una protini plasi mbili, wamekuchoma sindano mbili na gari limekupeleka hospitali ya wilaya. Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama jikoni na simu mkononi. Sasa uko wodini, mtoto anacheza, na umeniruhusu niichapishe barua yako. Kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, wewe pamoja na wale wote wenye kadi zilizoandikwa kama yako.

Umeuliza umwamini nani. Amini mkanda uliofungwa mkononi mwako na namba uliyoisikia ikisomwa. Namba iliyoandikwa bila mkanda kufungwa haina thamani yoyote, hata ikiwa na mhuri wa serikali. Yule dada wa dukani alikufanyia kazi ambayo kliniki nzima haikukufanyia. Alikutazama usoni, akakukalisha, akapima, akarudia, na hakukuuzia dawa ya presha bali alikuelekeza uende kwa mtaalamu. Ukirudi kijijini nenda ukamshukuru.

Ugonjwa huu, presha ya mimba inayotangulia kifafa cha mimba (pre-eklampsia), ni mbaya kwa sababu mwanzoni haumi. Mwanamke anachota maji, analima, anapika, anacheka na wenzake, na presha yake iko 150. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu inayolilisha kondo haikutanuka vya kutosha tangu miezi ya mwanzo, na kondo likikosa damu linamwaga kwenye mwili wa mama vitu vinavyoumiza kuta za mishipa yake. Presha inapanda, figo zinaanza kuvujisha protini kwenye mkojo, ini linavimba, ubongo nao unapata shida. Kichwa kinachogonga, kuona maruweruwe au nyota, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla, hizo ni dalili za mwili uliokwisha kulemewa. Baada ya hapo ndipo degedege linakuja, lile lililompata dada yako. Hakuwa na shetani yeyote. Kilikuwa kifafa cha mimba, na laiti angekuwa amepimwa vizuri siku au wiki chache kabla, huenda kingezuilika. Nakwambia hivi ili nyumbani kwenu aibu ile iondoke, maana najua huwa inabaki.

Mpaka ambao kila mkunga anaujua ni 140/90. Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, hata kama ni moja tu kati ya hizo mbili, huyo mama haendi nyumbani na maneno ya "kapumzike". Anapimwa mkojo siku hiyohiyo, anaulizwa dalili, presha inarudiwa baada ya saa nne kuthibitisha. Ikifika 160/110 hakuna kungoja saa nne: inarudiwa ndani ya dakika kumi na tano, dawa inaanza na gari linaitwa. Na mkojo usiokuwa na protini usimdanganye mtu. Wapo wanaopata madhara kwenye ini, damu au ubongo huku kijiti cha mkojo kiko safi, ndiyo maana miongozo ya sasa haingoji protini peke yake.

Nikueleze jinsi presha ya mjamzito inavyopimwa, ili siku nyingine ujue kama umepimwa kweli au umepitishiwa tu mkanda. Unakuwa umeshakojoa. Unakaa kwenye kiti chenye mgongo, kama dakika tano, miguu yote miwili sakafuni, hukupishanisha. Mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, gauni limekunjwa, mkanda umegusa ngozi na haukufungwa juu ya kitenge. Ukingo wake wa chini uko vidole viwili juu ya kunjo la kiwiko. Wakati wa kupima hamwongei, wewe wala yeye. Mama mwenye mkono mnene anahitaji mkanda mkubwa, kwa sababu mdogo unapandisha namba isivyo kweli. Mkono ukining'inia, namba inapanda vilevile. Kosa ninalolichukia zaidi ni la kumlaza mama kwa ubavu wa kushoto halafu kumpima mkono wa kulia ulioko juu. Mkono huo uko juu ya moyo, namba inashuka, na mama mgonjwa anaonekana mzima. Wengine hufanya hivyo makusudi wakiona namba imetisha, "tumlaze tuone kama itashuka". Itashuka karatasini tu.

Na hizi mashine za betri za kununua madukani, zikikosea kwa mwenye ugonjwa huu, mara nyingi hukosea kwa kusoma chini ya ukweli. Kwa hiyo zikisoma juu, msiseme "mashine ya biashara", pimeni tena kwa mashine nyingine. Zipo zilizohakikiwa hasa kwa wajawazito. Moja ilifanyiwa kazi na watafiti wa King's College London na kujaribiwa Uganda, Malawi, Zambia na kwingineko: inachajiwa kwa chaja ya simu na inawasha taa ya kijani, njano au nyekundu, hata asiyejua kusoma namba anaelewa kwamba huyu apelekwe. Ningependa kila zahanati iwe nayo.

Sasa hiyo 120/80. Wauguzi wenzangu, najua mnasoma. Najua siku ya kliniki mmoja wenu anapima, anachanja, anaandika rejista na kuitwa leba kwa wakati mmoja. Najua betri zinaisha na hela ya kununua nyingine inatoka mfukoni mwako. Yote hayo nayakubali. Lakini mashine ya mshale imechorwa mistari ya mbili mbili, kwa hiyo watu wakipimwa kweli utaona 118, 124, 132, 106. Ukifungua rejista ukakuta ukurasa mzima ni 110/70 na 120/80, aliyepimwa hapo ni nani? Kama hukupima, andika "haijapimwa". Neno hilo linamfanya mama, au mkunga wa kituo kingine atakayeipokea ile kadi, ajue kwamba kuna kitu hakijafanyika. Namba ya uongo inamfunga macho kila atakayeisoma baada yako, na binti huyu nusura afe kwa ajili yake. Nalisema kwa uchungu kwa sababu kazi hii naipenda.

Kwako wewe mwanangu, kuonekana mjuaji kusikutishe. Kadi namba 4, hiyo ya kliniki ya wajawazito, ni yako, wewe ndiwe unayeibeba. Mwambie nesi kwa adabu, "Sista, naomba unipime na unisomee namba nami niikariri." Akisema mashine haina betri, mwombe aandike hivyo na akuelekeze mahali pengine pa kupima siku hiyo. Wengi hawakasiriki, wanakumbuka. Na huyo nesi wenu usimfanye adui. Akiwa amefunzwa vizuri na ana vifaa, yeye ndiye wa karibu yako kuliko daktari yeyote.

Vifaa hivyo vina njia yake ya kupatikana, na hapa naongea na mumeo na wanaume wa kijiji. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati za serikali zinapokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na matumizi yanapangwa na kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe kutoka kwenu. Mashine ya presha, betri na kopo la vijiti vya mkojo si vitu vya kungoja wilaya. Nendeni kwenye mkutano wa kijiji mkaulize kwa nini havimo kwenye mpango. Mumeo anabeba abiria kutwa, anajua kuongea na watu. Aanze yeye.

Mama mkwe wako anakupenda, usiniambie vinginevyo. Mtu asiyekupenda hawezi kukugawia dawa yake. Kuhusu miguu hakudanganya, wajawazito wengi wazima huvimba miguu. Ndiyo maana kuvimba peke yake hakutoshi kusema mtu ni mgonjwa, wala mzima, mpaka apimwe. Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani lilishasema tangu 2011 kwamba kumnyima mjamzito chumvi hakuzuii ugonjwa huu. Kula kwa kiasi kama watu wote. Rozela haiwezi kutibu kondo. Captopril ndiyo hatari kubwa. Kwa mtu mzima asiye na mimba ni dawa nzuri, lakini kwako inaingia mpaka kwenye figo za mtoto, maji ya uzazi yanapungua, mtoto anaweza kufia tumboni. Enalapril na losartan ni vivyo hivyo. Dawa za presha za mjamzito zipo, kama methildopa, nifedipini na labetaloli, na daktari ndiye anayechagua ipi na kiasi gani. Mwonyeshe mama aya hii, au msomee.

Zile sindano mbili, moja kila tako, ulizoniambia zilikuchoma kama moto, zilikuwa magnesiamu salfeti, gramu 5 kila upande. Si dawa ya kushusha presha. Kazi yake ni kuzuia degedege lisije njiani. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti uliowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ukaonyesha kwamba dawa hii inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya bei nafuu, ya miaka mingi, na mkunga wa ngazi ya chini aliyefundishwa anaweza kutoa dozi ya kwanza kabla ya safari. Aliyekuchoma pale kituoni alikulinda kwenye barabara yote ile mbovu.

Wodini watakupima presha mara nyingi kwa siku, watachukua damu kuangalia ini, figo na chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na kwa kuwa hujafika wiki ya 34 huenda wakakuchoma dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Tiba kamili ya ugonjwa huu ni kujifungua. Madaktari sasa wanapima kila siku: mtoto aendelee kukua ndani, au mama ameanza kuumia na mtoto atoke. Presha ikitulia wanaweza kusubiri, wakikuangalia kwa karibu, lakini hawavuki wiki ya 37. Ikigoma, hata kesho watakuambia twende. Wakikwambia hivyo usisite, na nyumbani wasianze kuitana kikao. Mumeo aseme ndiyo hapohapo.

Kwa wasomaji wengine: nchi yetu imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika ule wa 2015/16. Kifafa cha mimba na ndugu zake bado ni kati ya wauaji wakubwa wa wajawazito duniani, nyuma ya kutokwa damu, na wengi wa wanaokufa walipita kliniki, walionekana, kadi zao zimejaa. Anzeni kliniki kabla ya miezi mitatu. Katikati ya mimba presha hushuka kidogo kwa kawaida, kwa hiyo anayekuja mwezi wa tano hatujui alikuwaje, na presha ya zamani inaweza kujificha hapo. Siku hiyo ya kwanza msingoje kuulizwa. Semeni kama ni mimba ya kwanza, kama ni mapacha, kama mama au dada aliwahi kupata kifafa cha mimba, kama mna kisukari au ugonjwa wa figo. Mtu akianguka degedege nyumbani, mlazeni ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, pigeni 115. Namba hiyo ya m-mama haikati salio, na dereva analipwa na mfumo, halipwi na nyinyi.

Na wewe, yaliyobaki ni haya. Kujifungua si mwisho wa hatari. Presha huweza kupanda tena siku ya tatu mpaka ya sita, wakati wengi wameshapewa ruhusa na wako nyumbani wakipokea wageni, na degedege linaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka. Kabla hujatoka hospitali uliza namba yako ya mwisho ni ngapi, dawa unaendelea nazo mpaka lini, na lini urudi kupimwa. Kichwa kikianza kugonga tena ndani ya siku 42, rudi usiku huohuo. Mimba nyingine ukiipata, nenda kliniki ukiwa na wiki kumi na mbili na ueleze kilichotokea safari hii, ili uanzishiwe aspirini ya kiwango kidogo, miligramu 75 kwa siku, kabla ya wiki ya 20. Ulizia na vidonge vya kalsiamu. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza kila upande, ulitolewa 2024 ukaonyesha kwamba miligramu 500 kwa siku hazikuwa na kinga pungufu kuliko 1,500, maana yake kidonge kimoja badala ya vitatu.

Na hata ukimaliza kuzaa, presha yako ipimwe kila mwaka, kwa sababu aliyepata ugonjwa huu ana hatari kubwa zaidi ya kupata presha na ugonjwa wa moyo ukubwani. Ukipimwa kesho asubuhi nitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini.